Oili ya Rangi ya Asali

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu wiki hii. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa ajili ya kiti cha basi, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Nina habari, na nakuomba uisome ukiwa umekaa. Mjomba ananipa Mheshimiwa. Unalikumbuka, lile gari lake jeusi, refu, la viti vya ngozi na mbao za kung'aa mbele ya dereva. Watu wa mtaani kwake walilibatiza Mheshimiwa kwa sababu likipita kila mtu anasogea pembeni. Ananipa kwa kubadilishana na kile kiwanja alichoniachia mama. Kiwanja kimekaa nyasi tupu tangu mama afariki, sina uwezo wa kujenga, na gari litaanza kazi kesho yake.

Nitabeba maharusi, Bibi. Maharusi wa hapa wanapanda vigari vya kuazima, shela linabanwa mlangoni. Miaka sita nimeendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, asubuhi nawapeleka wamelala, jioni nawarudisha wamelala. Nimeshamwambia msimamizi kwamba mwisho wa mwezi huu naacha.

Mjomba anasema injini bado mbichi, ingawa gari lina umri kama wangu. Karani wa ardhi ametupangia Ijumaa ya tarehe 28 twende tukaandikishane.

Nakuomba baraka zako. Siyo ruhusa, baraka.

Mjukuu wako


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti hayajambo, yananishinda kwa kelele tu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana mtu akiniambia nikae najua ameniletea upuuzi.

Baraka, siyo ruhusa. Haya. Nani kakufundisha kuongea kama wakili?

Mheshimiwa! Nimefyonya mpaka jirani akauliza kama nimemwita. Nalijua gari hilo. Lilipokuja hapa msibani kwa mama yako lilizimika mara mbili kati ya barabara kuu na mlango wangu, na mjomba wako akashuka na kitambaa akafuta vumbi juu ya boneti. Hakuifungua boneti, aliifuta. Huyo ndiye mwanangu. Nimemzaa mimi, mateke yake nayajua toka yumo tumboni: yalikuwa mengi na hayakufika popote.

Viti vya ngozi. Ng'ombe naye ana ngozi, sijaona bibi harusi akipandishwa juu yake.

Sasa sikiliza, na usinipigie simu. Uongo wa kwenye simu unayeyuka. Wa kwenye karatasi unakaa, nauangalia leo na kesho nauangalia tena. Mimi darasa sikulikanyaga. Herufi nilizipata kwenye maboksi ya vipuri, na namba nilizipata kwenye geji, miaka thelathini na mmoja, babu yako akipima injini za watu na mimi nikiandika kwa chaki ukutani. Kwa hiyo usidhani bibi mzee anabwabwaja.

Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kuubana upepo. Pistoni ina ringi zake kiunoni. Ringi zikiliwa, upepo unapenya pembeni, gari halina nguvu, linabaki na sura. Ule upepo unavyobanwa ndiyo kompresheni. Hauonekani kwa macho, na ndiyo maana matapeli wanaupenda.

Pasha injini moto kisha zima. Toa plagi zote sita, usifanye moja moja kama wavivu. Chomoa waya wa koili. Betri iwe imeshiba. Mtu mmoja akae ndani, akanyage mafuta mpaka chini na asiachie, apige stata. Wewe kandamiza geji kwenye tundu la plagi kwa nguvu zako zote. Mizunguko mitano kila silinda, isizidi, isipungue. Andika. Ikija mia na hamsini kwenda juu, nitaula ulimi wangu. Ikija chini ya mia, mwachie Mheshimiwa wake apigiwe saluti na kuku.

Geji hii ni ya babu yako, mume wetu. Nimeifunga kwenye kitambaa cheupe nilichokata kwenye shuka yake. Nirudishie vyote viwili kama vitakavyokuwa, usivifue, usivipanguse. Na anayekukanyagia mafuta awe yeyote duniani isipokuwa mjomba wako.

Kula vizuri. Mgongo unauma kwa sababu umekonda kama waya wa breki.

Bibi yako


Jumatano, tarehe 12 Juni

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Uanze kuutafuna huo ulimi.

Nimepima Jumapili pamoja na dereva mwenzangu wa kiwandani, kama ulivyoagiza. Silinda ya kwanza mia na sabini na mbili. Ya pili mia na sabini na tano. Ya tatu mia na sabini na nne. Ya nne sabini na tano tena, ya tano sabini na tatu, ya sita sabini na tano, zote juu ya mia. Nimekuwekea na kile kikaratasi tulichoandikia, usije ukasema nimetunga.

Tulifuata kila kitu. Tukapasha, tukatoa plagi zote sita, tukaiacha kidogo ipoe tusiungue mikono, tukaingia ndani kunywa chai, kisha tukatoka kupima. Tulipoiwasha baadaye ilitoa moshi wa buluu mpaka jirani akafunga madirisha, lakini nimeambiwa ni uchafu wa gari lililolala muda mrefu, na kweli baada ya dakika kadhaa ulikwisha.

Geji na kitambaa ninavirudisha. Sikuvifua.

Jana nilikaa kwenye kiti cha nyuma cha Mheshimiwa, pale atakapokaa bibi harusi. Bibi, kuna taa ndogo ya kusomea. Kwenye gari!

Mjukuu wako mwenye kompresheni


Jumamosi, tarehe 15 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Taa ya kusomea. Atasoma nini, bibi harusi? Jina la bwana harusi?

Ulimi wangu upo mahali pake na sasa unafanya kazi.

La kwanza. Injini ya umri wako haina namba zinazofanana kama mapacha waliovalishwa sare. Gari linazeeka kama familia: mmoja mzima, mmoja anakohoa, mmoja hajulikani anaishije. Silinda sita, zote sabini na kitu? Hata siku lilipotoka kiwandani lisingekuwa na nidhamu hiyo.

La pili. Kikaratasi chako. Hizo saba zina mkanda kiunoni, kijistari kinachozikata katikati, kila moja. Wewe saba zako hazina mkanda, ninazo barua zako za miaka kumi kwenye kopo la biskuti na nimezitoa zote nikaziangalia. Saba yenye mkanda inaandikwa na watu wa gereji yetu tu, kwa sababu chaki yetu ilikuwa mbovu na moja ilikuwa inafanana na saba. Watu hao tulikuwa watatu. Babu yako yuko kaburini. Mimi niko hapa. Basi huyo dereva mwenzako wa kiwandani amezaliwa na mimi, na mimi nasikitika.

La tatu, na hili ndilo limenikalisha kwenye kiti ambacho ulitaka nikikalie tangu mwanzo. Kitambaa. Kinywa cha geji kimeacha duara la oili pale katikati. Nimekipeleka mlangoni kwenye jua. Oili ina rangi ya asali. Mpya, safi, ya leo dukani. Injini ya miaka ile ikitema oili, inatema nyeusi kama wino. Ya asali haikutoka ndani ya injini. Imemiminwa kwenye matundu ya plagi na mkono wa mtu, wakati nyinyi mnakunywa chai.

Oili ikimiminwa juu ya pistoni inaziba pale palipoliwa. Upepo haupenyi. Sindano ya geji inapanda kama ya gari jipya, mnunuzi anatabasamu, anasema asante. Ukiwasha, oili inaungua, ndiyo moshi wako wa buluu. Baada ya dakika kadhaa imekwisha, na wewe umebaki na kiti cha ngozi.

Umenidanganya kwenye karatasi. Sikugombezi kwa hilo leo, nitakugombeza ukija, nikiwa na nafasi ya kutosha. Leo nataka jambo moja: usitie sahihi. Na ujiulize kwa nini nyasi tupu zimempendeza mjomba wako mwaka huu, wakati miaka yote hiyo hakuwahi hata kwenda kuzikata.

Bibi yako


Jumanne, tarehe 18 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Ndiyo, alikuwa mjomba. Dereva mwenzangu aliahidi akaacha kuja. Mjomba akasema atanikanyagia yeye, halafu akasema nikanyage mimi na geji ashike yeye kwa sababu inahitaji nguvu. Nikamwambia asante. Chai niliimalizia na mkewe, yeye alitangulia kutoka nje. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema haya uliyoyasema.

Na mimi nina ya kwangu. Hakuna mtu unayemsifu, Bibi. Fundi wa jirani yako ni kipofu, mke wa mjomba ni kabati lililofunguka mlango, msimamizi wangu ni gunia. Mjomba kwako hajawahi kufanya jambo likakupendeza. Lakini mama alipofariki wewe ulikuwa kule na magoti yako, na aliyenilisha ni yeye. Aliyesimama siku ya mtihani wangu wa leseni, kwenye jua, na kofia mkononi, ni yeye. Unataka niamini duara la oili kuliko mtu huyo?

Pengine kitambaa kilichafuka njiani. Pengine aliipaka geji oili ili mpira usikatike.

Na nikuulize. Mambo ya kumimina oili, rangi ya asali, mnunuzi anasema asante, umeyajuaje yote hayo? Unayasimulia kama mtu aliyekuwepo.

Tarehe 28 iko pale pale.

Mjukuu wako


Jumatano, tarehe 19 Juni

Kwa Mama yangu mzazi,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima. Shikamoo.

Nimesikitishwa kupata habari kwamba unamwandikia mtoto maneno ya kumvunja moyo. Ningependa kukufahamisha kuwa makubaliano baina yangu na yeye ni ya hiari na yenye manufaa kwa pande zote. Yeye anapata chombo cha kazi chenye hadhi. Mimi ninapata eneo ambalo, kwa sasa, halimsaidii mtu. Dunia ya leo si ile ya chaki na ukuta, Mama. Watu hawanunui injini, wananunua muonekano.

Kuhusu namna gari lilivyoandaliwa kabla ya kupimwa, sina la kusema, isipokuwa kwamba mimi sikubuni kitu. Kila ninachokijua nilikikuta nyumbani.

Ninaamini unamkumbuka mwalimu na pikapu yake ya kijani. Sijawahi kumsimulia mtoto habari hiyo. Anampenda sana marehemu babu yake, ana picha yake kwenye basi. Isingekuwa vizuri aondolewe picha hiyo na mtu wa familia. Ukinyamaza, nami nitaendelea kunyamaza, kama nilivyofanya muda wote huu kwa mapenzi tu.

Nakutakia afya njema.

Mwanao mtiifu


Jumamosi, tarehe 22 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba.

Umeuliza nimeyajuaje. Nilikuwepo. Kaa chini, sasa hivi mimi ndiye ninayekuambia ukae.

Kulikuwa na pikapu ya kijani hapa gereji. Tuliichukua kwa bei ya kutupa, tukaipaka rangi, ndani imeoza. Akaja mwalimu wa shule ya kule bondeni. Alikuwa na watoto wanne na kila asubuhi walitembea wote watano, yeye mbele, wao nyuma, mdogo kabisa mgongoni. Alitaka pikapu. Alikuwa mtu makini, akasema anaomba kompresheni ipimwe mbele yake.

Babu yako akapasha injini moto, akatoa plagi. Kisha akanitazama. Nikajua. Nikamwambia mwalimu, karibu ndani, chai iko tayari, chuma kipoe kidogo. Akaingia. Babu yako alibaki nje, akachukua kifuniko cha chupa ya chai, akamimina oili kifuniko kimoja kila silinda. Mimi kule ndani nilimuuliza mwalimu habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Nilimwongezea sukari ili akawie.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba mliingia ndani kunywa chai, sikuhitaji hata kufungua kitambaa. Nilikifungua nikiomba niwe mwongo.

Mjomba wako alikuwa na miaka saba. Alisimama juu ya tairi, aliona kila kitu. Mwalimu alipoondoka na gari, mjomba wako aliiga jinsi alivyosema asante, mikono miwili kifuani, kichwa kimeinama. Tulicheka wote watatu. Mimi ndiye niliyecheka mpaka nikashika mlango. Unasema sijawahi kumsifu. Nilimsifu siku hiyo. Nilisema, mtoto huyu ana akili.

Siku ya kumi na moja mwalimu alirudi kwa miguu. Aliweka ufunguo juu ya meza ya kazi. Akasema, "Nimewarudishia, pengine mna kazi nao." Hakupiga kelele, hakudai kitu. Kesho yake asubuhi akapita hapa nje na watoto wake nyuma. Akasimama. "Habari za asubuhi, fundi. Habari za asubuhi, mama." Akaenda. Na kesho yake. Na kesho yake. Miaka kumi na minane mpaka alipostaafu, asubuhi za shule zote, mvua ikinyesha alisimama kwenye mvua akatusalimia.

Babu yako hakumimina oili tena maisha yake yote. Lakini samahani haikumtoka. Alianza kuamka mapema zaidi, ili mwalimu akipita amkute amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje. Mimi ndiye niliyekuwa naitikia. "Nzuri, mwalimu." Kila siku. Kinywa changu ndicho kilichomkaribisha chai, basi kikalipa chenyewe.

Unaona nadharau kila mtu. Kweli. Ukikaa miaka kumi na minane ukisalimiwa hivyo, unajua watu wana nini ndani, kwa sababu unajua wewe una nini. Mjomba wako namdharau kwa sababu ni mimi, nimevaa suruali.

Ameniandikia kwamba nikinyamaza atanyamaza. Mwambie asihangaike, nimeshasema. Picha ya babu yako usiitoe kwenye basi. Alikuwa mtu mzuri aliyefanya ubaya na akashindwa kuinua kichwa. Wewe unaye babu wa namna hiyo, mwangalie hivyo hivyo.

Na ni kweli, mjomba wako alikulisha. Alisimama juani na kofia mkononi. Hilo silifuti, na oili nayo usiifute. Yote mawili ni yeye.

Geji nimekurudishia. Siku ya Ijumaa, kabla ya kwenda kwa karani, liendeshe gari mpaka juu ya kilima, kila tone liungue. Kisha pima hapo hapo. Asiingie mtu ndani. Asinywe mtu chai.

Bibi yako


Ijumaa, tarehe 28 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma ndani ya basi, wafanyakazi wamelala. Picha ya babu ipo pale pale. Nilimwambia, wewe, kisha nikawasha basi.

Leo saa mbili nilifika kwa mjomba. Nikamwambia nataka kulizoea gari kabla ya kuandikishana. Nilipanda nalo kilima. Kwenye mteremko linakwenda kama mheshimiwa kweli. Kwenye mlima nilipitwa na mtu mwenye mkokoteni, tena akanipungia. Juu kule alikuwa ananisubiri dereva mwenzangu, safari hii alikuja. Tulitoa plagi pale pale kando ya barabara. Yeye akakanyaga mafuta, mimi nikashika geji. Nina alama ya mpira kiganjani mpaka sasa. Geji nakurudishia pamoja na barua hii.

Tisini. Themanini na tano. Tisini na mbili. Hamsini na tano. Sitini. Themanini na nane.

Nilirudia ya nne mara tatu, Bibi. Sikuamini kuwa gari lenye taa ya kusomea linaweza kuwa na hamsini na tano.

Nilimpelekea mjomba kikaratasi. Saba haikuwemo hata moja, yenye mkanda wala isiyo nao. Alikitazama akasema geji yenu imechoka. Nikamwambia Bibi ameniambia habari ya mwalimu. Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyeangusha mzigo. Alisema, "Yeye ndiye aliyecheka zaidi." Nikasema, "Ameniambia na hilo." Hapo alikikunja kikaratasi akakitia mfukoni.

Kwa karani nilikwenda peke yangu kufuta miadi. Karani akasema nimefanya vizuri, mwakani lami inapita mbele ya kiwanja, kila mwenye sikio anajua. Msimamizi amenirudisha. Anasema hata hivyo hakuwa ametafuta mtu.

Ila kuna jambo. Nilipokuwa natoka kwa mjomba, mkewe aliniambia kwamba Mheshimiwa ana mtu mwingine tayari. Ni mkunga mstaafu wa mtaa wa juu. Amezalisha nusu ya mtaa huu, miguu imemvimba, anataka gari la kumpeleka kliniki na kumrudisha. Atakuja kuliona Alhamisi, na ameomba lipimwe mbele yake, kwa sababu yeye ni mtu makini. Mjomba ananiomba ninyamaze. Anasema mimi nimeshapona, na haya ni ya familia.

Amenilea, Bibi. Sijui mdomo wangu ufanye nini. Anwani ya mkunga nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hata sijui kwa nini nimeiandika.

Mjukuu wako


Jumatatu, tarehe 1 Julai

Mwanangu,

Mkunga wako nimemwandikia. Barua na kifurushi vimeondoka pamoja na hii, kwa hiyo usijisumbue kukimbia.

Mtoto hakusema kitu, alinyamaza kama ulivyomwomba. Ukimnunia nitakuja mwenyewe na haya magoti, nikae kwenye kiti chako cha ngozi, nisitoke.

Uliniandikia kwamba ulivyovijua ulivikuta nyumbani. Ni kweli, na sina pa kujifichia. Basi rudi nyumbani uchukue na kilichobaki. Livute Mheshimiwa mpaka hapa. Tutafungua injini, tutoe pistoni sita, tuweke ringi mpya, wewe na mimi. Mikono yangu bado ipo, macho yako bado yapo. Halafu uliuze kwa yeyote, na unywe naye chai mpaka chupa iishe.

Nilikusifu mara moja tu, ukiwa na miaka saba, kwa jambo la ovyo. Nina nafasi ya mara ya pili.

Mama yako


Jumatatu, tarehe 1 Julai

Mama mkunga,

Hunijui, nami sikujui, ila nimesikia kuhusu miguu yako na nakupa pole. Mimi nina magoti. Tungekutana tungetengeneza mtu mmoja mbovu kabisa.

Alhamisi unakwenda kuona gari jeusi. Ringi zake zimeliwa. Silinda ya nne ina hamsini na tano, na gari la namna hiyo likiwa zima lina mia na sabini. Halitakufikisha kliniki kwenye mlima. Utaonyeshwa namba nzuri, na zitakuwa za uongo, kwa sababu oili itakuwa imemiminwa juu ya pistoni dakika chache kabla.

Usiniamini. Wewe umefanya kazi ya kusikiliza mapigo ya vitu visivyoonekana, kasikilize mwenyewe. Ndani ya kifurushi kuna geji na kitambaa kipya cheupe. Mwambie dereva yeyote aliendeshe gari mpaka kilimani kwanza, kisha lipimwe papo hapo, akanyage mafuta mpaka chini, mizunguko mitano kila silinda. Ukimaliza, pangusa kinywa cha geji kwa kitambaa, kisha nenda nacho juani. Ukiona rangi ya asali, nenda nyumbani.

Kitu kimoja zaidi, nacho ndicho kikubwa. Plagi zikishatolewa, usiondoke kando ya gari. Mwenye gari atakuuliza habari za watoto uliowazalisha. Ana ulimi mtamu, kaurithi. Atakwambia chuma kipoe kidogo, karibu ndani. Mwambie asante, umeshiba, utasimama hapo hapo.

Geji usirudishe. Kaa nayo, na mtu yeyote mtaani kwako akitaka kununua gari, mwazime.

Ni mimi,

Mama wa huyo anayekuuzia